Marie Curie na jiwe la Shinkolobwe

Mwenye kufanya kazi mu mugodi anajua radio ya kifua: unavua shati, unasimama mbele ya mashini, unashika pumzi. Munganga anasoma picha. Lakini kuko mwengine tusiyemuona: yule anayepima kama mionzi inatosha na haipiti kipimo. Kazi yake inaitwa fizikia ya matibabu, na sikukuu yake mu dunia yote ni tarehe 7 Novemba. Njo siku aliyozaliwa Marie Curie, mwaka 1867, Varsovie, mu inchi ya Polandi.

Feza mu nyumba yao ilikuwa kidogo, tena universite ya kule haikupokea wanawake. Marie akafundisha watoto wa matajiri ili dada yake asome udaktari Paris. Mu 1891 naye akaenda. Mu 1898, na bwana yake Pierre, akatambua radiumu. Kisha miaka ya kuchemsha tani na tani za mawe mu kibanda kibovu, wapate chembe tu. Sisi wa Katanga tunaelewa kazi ya namna ile bila kuelezwa. Prix Nobel alipata mbili, 1903 na 1911.

Lakini sisi tunaona kazi yake kubwa ilikuwa mu vita ya 1914. Alitengeneza magari ya radio, 20 hivi, yakaenda karibu ya mizinga, waganga waone masasi mu mwili mbele ya kupasua. Mashini bila watu ni chuma tu. Basi akafungua kalasi Paris, binti yake Irène akisaidia: wanawake 150 hivi wakajifunza umeme, hesabu na viungo vya mwili, wakatumwa.

Mu 1915, huku kwetu, jiwe lenye radiumu likaonekana Shinkolobwe, karibu ya Likasi. Union Minière ikalipeleka Ubelgiji, na bei ikaanguka. Mu 1921 wanawake wa Marekani walimnunulia Marie gramu moja kwa dola 100.000, mu 1929 dola 50.000 zikatosha gramu nyingine, ya lupitalo ya Varsovie, na ilinunuliwa Ubelgiji. Kumbe jasho la wazee wetu lilifika mu mji aliozaliwa! Mu kalasi hatukufundishwa habari hii.

Mwenyewe alibeba radiumu mu mfuko wa nguo. Ugonjwa wa damu ukamuua tarehe 4 Julai 1934. Madaftari yake yangali Paris, mu masanduku ya madini ya risasi, yanatoa mionzi mpaka leo. Anayetaka kuyasoma anaweka saini kwanza.