Padri Albert Joubert, Ndugu Yetu wa Ziwa

Katika jubilei hii tunamkumbuka kwa upendo na shukrani Padri Albert Joubert. Alizaliwa mwaka 1908 huko Mrumbi, kandokando ya ziwa letu Tanganika. Mama yake ni Agnes Atakao. Baba yake ni Kapiteni Joubert, Mfaransa aliyepigana na wauza watumwa. Alipewa upadri mwaka 1935. Tarehe 28 Novemba 1964, Wasimba walimwua Fizi pamoja na Padri Giovanni Didonè. Siku hiyohiyo, huko Baraka, waliwaua Padri Luigi Carrara na Bruda Vittorio Faccin. Mwaka 2024, huko Uvira, Kanisa liliwatangaza wote wanne kuwa wenye heri. Waliouawa ni ndugu zetu, waliowaua pia ni ndugu zetu. Basi, shukrani yetu haitatimia tusipopatana.