Dakta Williamson na Almasi za Mwadui

Njia ya reli itokayo Mwanza kwenda kusini huliacha ziwa nyuma, ikaingia katika nchi kavu ya Wasukuma, yenye mibuyu na makundi ya ng'ombe. Katika nchi hiyo alifanya kazi Dakta John Thoburn Williamson. Alizaliwa Kanada mwaka 1907, akasoma elimu ya miamba katika Chuo Kikuu cha McGill, kisha akaja Afrika.

Kwanza alifanya kazi Mabuki, kusini ya Mwanza, palipochimbwa almasi chache. Kampuni yake ikaona faida ni haba, ikachoka, Williamson hakuchoka. Alijua ya kuwa almasi haioti mchangani kama mhogo. Kila almasi iliyotawanyika ina mwamba wake uliyoizaa, nao hauna budi kuwa mahali fulani. Basi akaendelea kutafuta peke yake, akichekecha mchanga mahali baada ya mahali, hata fedha zikawa shida. Mwaka 1940 akauona mwamba huo Mwadui, karibu na Shinyanga. Chopra, mwanasheria wa Mwanza, akamsaidia, akawa mshiriki wake. Mwaka 1947 ikapatikana almasi ya rangi ya waridi, uzito wake karati 54 na nusu. Williamson akamzawadia Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kwa arusi yake.

Je, mwamba wa Mwadui ulifikaje hapo? Fikiri pembe ya ng'ombe iliyosimikwa ardhini, ncha chini na mdomo juu. Mdomo wake ni hekta 146. Zamani sana mwamba ulioyeyuka ulipanda kwa nguvu kutoka chini zaidi ya kilometa 150, ukisukumwa na hewa na mvuke wa maji, nao ukazichukua almasi njiani.

Labda utashangaa, ee msomaji, kusikia habari za maji katika kina kile chenye moto. Lakini mtazame mfinyanzi. Chungu kilichoanikwa juani huonekana kikavu kabisa, kumbe udongo wake ungali na maji yaliyoungana nao, na moto ndio uyafukuzao. Ndivyo yalivyo mawe mengi. Chini ya bahari, maji hupenya katika nyufa za miamba, yakaungana nayo, yakafanya madini mapya yaitwayo serpentini. Maji hayo hayamwagiki wala hayaonekani, kwa kuwa yamekuwa sehemu ya jiwe lenyewe. Kisha, mahali pengine duniani, sakafu ya bahari huzama chini ya nchi iliyo jirani, sentimita chache kila mwaka, ikiyachukua maji pamoja nayo. Joto huyafukuza mengi njiani, nayo huifanya miamba iyeyuke na kutoka katika milima ya moto. Lakini mengine huhamia katika madini magumu zaidi, yakazidi kushuka.

Ushahidi ulikuja kwa njia ya almasi. Mwaka 2014 Graham Pearson na wenzake walitangaza habari za almasi ndogo kutoka Juína, nchi ya Brazili. Ndani yake mlikuwa na chembe ya madini yaitwayo ringwudaiti, ambayo hufanyika chini zaidi ya kilometa 500. Katika uzito wa chembe ile, zaidi ya sehemu moja katika mia ilikuwa maji.

Williamson hakuijua habari hiyo. Alikufa Januari 1958, akiwa na umri wa miaka 50, baada ya kuugua saratani ya koo. Lakini swali lililowaongoza wataalamu wale ndilo lililomtoa yeye Mabuki na kumfikisha Mwadui: jiwe hili limetoka wapi? Wengi waliziokota almasi wakauliza bei yake tu. Yeye aliuliza asili yake, wala hakuacha kutafuta mpaka akajibiwa.