Tippu Tip: aliingia soko kwa undugu, kazi ikamalizika kwa vita

Hamed bin Muhammed, yule tunamuita Tippu Tip, alizaliwa Zanzibar karibu mwaka wa 1837. Mali ya bei kali wakati ule ilikuwa pembe za tembo, na zilikuwa huku kwetu. Bidhaa alikopa kwa Wahindi wa Zanzibar, kati yao Taria Topan. Kuingia njo ilikuwa kazi.

Kwa mtemi Kasongo Rushie wa Utetera, alijitambulisha kuwa ndugu wa damu kupitia nyanya yake. Mzee akamuachia utawala, na pembe zikafuata. Kwingine aliingia kwa bunduki: vijiji vilichomwa, watu wakatekwa.

Mwaka 1886, yeye akiwa mbali, Waarabu walifukuza kituo cha Leopold hapa Stanley Falls, Kisangani ya leo. Mwaka 1887 akachagua njia ingine: akakubali kuwa gavana wa mfalme huyohuyo, kwa pauni 30 kwa mwezi.

Lakini mwenye mto njo mwenye soko. Wazungu walitaka pembe zishuke kwa mto, zisipite tena Zanzibar. Mwaka 1890 aliondoka. Vita ikalipuka 1892. Mwanawe Sefu akauawa 1893. Yeye alikufa Zanzibar mwaka 1905. Biashara ilipotea, Kiswahili kikabaki.