Msiri wa Bunkeya: mufalme wa masasi ya mukuba

Leo tunarudi nyuma zaidi ya miaka 130. Tunazungumza juu ya Mwenda Msiri. Kwa Bayeke, yeye ni babu na mufalme. Kwa Wasanga na kwa sisi Waluba wa huku Lualaba, jina lake linakumbusha pia vita na watu kuuzwa utumwani.

Alizaliwa karibu mwaka 1830 kwa Wasumbwa, katika Unyamwezi, Tanzania ya leo. Jina lake la kwanza lilikuwa Ngelengwa. Baba yake Kalasa alikuwa anakuja huku kununua mukuba. Mutoto alifuata njia ya baba, lakini yeye hakurudi. Katika miaka ya 1850 alibaki Katanga na watu wake kidogo. Hakuwa na jeshi kubwa, ila alikuwa na bunduki, na machifu wa hapa hawakuwa nazo. Wazee wanasimulia kama aliwasaidia Wasanga kufukuza Waluba waliokuja na mishale. Kidogo kidogo, mugeni akakuwa mwenye inchi. Mji wake ukakuwa Bunkeya.

Bunduki za ile wakati zilikuwa za kujaza kwa mbele: unatia baruti, unatia sasi, unashindilia. Kwa Kiswahili, risasi ni jina la kile kinachotoka katika bunduki, tena ni jina la madini yenyewe, ile laini na nzito. Inayeyuka kwa digri 327 tu, moto wa kawaida wa jiko unatosha. Lakini huku kwetu haikupatikana kwa wingi, na mukuba ulijaa. Basi wafuaji wa Msiri wakatengeneza masasi ya mukuba. Kazi ngumu: mukuba unataka digri karibu 1.085, lazima tanuru na mivuvuo.

Tena sasi la mukuba ni gumu na ni jepesi kuliko la risasi. Likikuwa kubwa kidogo, linakwama ndani ya mututu. Likikuwa dogo, moshi unapita pembeni na sasi linaenda hovyo. Kwa karibu linaua. Kwa mbali, kupiga shabaha ni bahati.

Hata hivyo lilimutosha Msiri kwa miaka mingi. Misafara yake ilibeba pembe za ndovu, mukuba na watumwa mpaka Angola, upande wa Benguela, na wengine mashariki kwa Waarabu na Waswahili. Ilirudi na bunduki, vitambaa na baruti. Hapo ndipo palikuwa shida yake. Sasi aliweza kulitengeneza nyumbani. Baruti ilitoka mbali, kwa mikono ya wengine. Njia ikifungwa, bunduki inabaki fimbo.

Mwaka 1886 alimupokea mumisionari Frederick Stanley Arnot. Mwaka 1890 Alfred Sharpe alifika kwa niaba ya Waingereza, akarudi bila sahihi. Nyuma yake wakafika watu wa mufalme Léopold II wa Ubelgiji. Ile wakati Wasanga walikuwa wameasi, wamechoka na ukali wake, na njia za biashara zilikuwa hatari. Baruti ikapungua, njaa ikaingia Bunkeya.

Tarehe 14 desemba 1891, kapiteni William Stairs alifika na watu wenye bunduki za kisasa, wengi wao wameandikwa kazi Zanzibar. Msiri alikataa bendera ya Léopold, akaenda kijiji cha Munema. Tarehe 20 desemba, kapiteni Omer Bodson alimufuata kule na kumupiga risasi. Msiri akafa palepale. Bodson naye akapigwa na watu wa Msiri, akafa. Muganda wa nyumba ya Msiri ukabaki kwa mutoto wake, Mukanda Bantu, ambaye alikubali utawala mupya.

Basi, tusimupambe Msiri: wengi waliuzwa juu ya ile baruti. Tusimudharau pia. Alijua kufanya kitu kwa mukuba wa inchi hii, hapa hapa. Lakini aliyeshika baruti ndiye aliyeshika mwisho wake. Leo mukuba bado unatoka Katanga kila siku kwa malori. Kila mutu ajiulize: sisi, baruti yetu iko kwa nani?