Karani wa Bern na Mwendo wa Saa

Kuna uvumi unaopendwa mno madarasani kwamba Albert Einstein alifeli hisabati shuleni. Hata baadhi yetu walimu huukariri ili kumtia moyo mwanafunzi aliye dhaifu. Si kweli. Mwaka 1895, akiwa na umri wa miaka 16, alifanya mtihani wa kuingia chuo cha ufundi cha Zurich, nchini Uswisi, akang'ara katika hisabati na fizikia. Yaliyomwangusha ni masomo ya jumla, Kifaransa kikiwamo. Mimi niliye mwalimu wa lugha nalisema hilo bila furaha.

Ikambidi asome mwaka mmoja zaidi katika shule ya mji wa Aarau, ambako mwanafunzi aliachiwa nafasi ya kutafakari badala ya kumeza tu. Huko ndiko alikojiuliza: mtu akiifukuza nuru hata akaenda nayo sambamba, ataona nini? Swali hilo alikaa nalo miaka 10.

Alihitimu mwaka 1900, akaomba kazi vyuoni, akakosa. Mwaka 1902 aliajiriwa karani wa daraja la tatu katika ofisi ya hataza mjini Bern, akikagua maombi ya wavumbuzi. Mwezi Mei 1905 alizungumza kwa kirefu na Michele Besso, rafikiye wa ofisini, na majuma machache baadaye makala yalikuwa tayari. Yalichapishwa mwaka huohuo bila rejeo hata moja. Aliyeshukuriwa ni Besso peke yake. (Mwanafunzi angeniletea kazi ya namna hiyo, nahofia ningemrudishia.)

Makala yalisema nini? Sisi twaanza kuhesabu saa kunapokucha, Wazungu usiku wa manane. Hiyo ni tofauti ya desturi, dakika ni zilezile. Einstein alidai jambo zito zaidi. Kwa kuwa mwendo wa nuru, takriban kilomita 300,000 kwa sekunde, ni uleule kwa kila aupimaye, awe amesimama au anakwenda, basi wakati wenyewe hauna budi kubadilika. Msafiri aendaye kilomita 260,000 kwa sekunde akirejea atakuta kwake imepita saa moja, kwa waliobaki saa mbili. Naye njiani hakuhisi lolote. Ndiyo maana nasikitika nisikiapo kwamba nadharia ya uhusianifu yafundisha kuwa kila kitu hutegemea mtazamaji. Msingi wake ni kitu kisichomtegemea mtazamaji hata kidogo.

Tuzo ya Nobel ya mwaka 1921 alipewa kwa kazi nyingine, si hii. Mwaka 1933, Wanazi waliposhika hatamu Ujerumani, alihamia Princeton, Marekani, asirudi tena. Mwaka 1971 wanasayansi wawili, Hafele na Keating, walipakia saa za atomiki katika ndege za abiria wakaizunguka dunia. Zilizokwenda mashariki zilirudi zimechelewa kwa sehemu 59 hivi za bilioni ya sekunde, karibu sawa na hesabu ilivyotabiri, nguvu ya uvutano ikiwa imetiwa humo.

Mwenyewe hakuyaona hayo. Besso alifariki Machi 1955. Einstein aliiandikia jamaa yake barua ya rambirambi iliyogusia wakati, naye akafa tarehe 18 Aprili mwaka huohuo.