Hugo Grotius: Mwanasheria wa bahari aliyetoroka ndani ya kasha

Kabla ya mwaka wa 1498, mabaharia wa pwani hii hawakuhitaji cheti cha mtu kuvuka Bahari ya Hindi. Majahazi yaliteremka na kaskazi kutoka Arabuni na Ghuba, yakarudi na kusi, na aliyelipa ushuru wa bandari hakuulizwa ni nani aliyempa ruhusa ya kupita katikati ya maji. Vasco da Gama alipokwisha kufika, mambo yaligeuka. Mombasa ilichomwa moto mwaka wa 1505, Ngome ya Yesu ikaanza kujengwa mwaka wa 1593, na Wareno wakadai kwamba chombo chochote kisichokuwa na hati yao ni halali yao kukiteka. Hoja yao ilikuwa kwamba Papa wa Roma amewagawia dunia wao na Wahispania, na bahari hii imeangukia fungu lao.

Mtu aliyeivunja hoja hiyo kwa kalamu hakuwa Mwarabu wala Mswahili, wala hakuwahi kuiona Bahari ya Hindi maishani mwake. Alikuwa kijana wa Kiholanzi aitwaye Hugo Grotius, na leo wanaobishana juu ya mwezi na nyota, kwamba ni mali ya nani, bado wanakwenda kuteka maji katika kisima chake.

Grotius alizaliwa katika mji wa Delft tarehe 10 Aprili, 1583. Alikuwa mtoto wa ajabu kwa elimu. Aliingia Chuo Kikuu cha Leiden akiwa na umri wa miaka 11, na alipokuwa na miaka 15 alifuatana na ujumbe wa nchi yake hadi Ufaransa, ambako Mfalme Henri wa Nne alistaajabishwa naye. Katika safari hiyo hiyo alitunukiwa shahada ya udaktari wa sheria mjini Orléans. Mwaka wa 1599 alikuwa tayari wakili mjini The Hague, wakati ambapo vijana wa rika lake walikuwa bado wanatumwa dukani na mama zao.

Nchi yake wakati huo ilikuwa vitani na Mfalme wa Hispania, ambaye pia alikuwa ndiye mfalme wa Ureno. Mwezi wa Februari 1603, nahodha Jacob van Heemskerck aliiteka merikebu kubwa ya Wareno, Santa Catarina, karibu na mlango wa bahari wa Singapore. Alisaidiwa na watu wa Johor, dola ya Kiislamu iliyokuwa na ugomvi wake wenyewe na Wareno wa Malaka. Ndani ya merikebu ile mlikuwa na hariri na vyombo vya kaure, na ngawira yote ilipouzwa Amsterdam ilileta zaidi ya gilda milioni 3.

Fedha hizo zilizusha maneno. Baadhi ya wenye hisa katika Kampuni ya Mashariki ya Uholanzi walisema dini yao haiwaruhusu kula mali ya vita. Kampuni ikahitaji mtu wa kuitetea, ikamtafuta Grotius. Aliandika kitabu kikubwa juu ya sheria ya ngawira, nacho kikakaa kabatini bila kupigwa chapa. Mswada wake ulikuja kuonekana mwaka wa 1864. Sura moja tu ndiyo iliyotoka, mwaka wa 1609, bila jina la mwandishi. Iliitwa Mare Liberum, yaani Bahari Huru.

Hoja zake zilikuwa nyepesi kueleweka. Ardhi huweza kupimwa, kuzungushiwa ua na kulimwa, na kwa hiyo huwa na mwenyewe. Bahari haishikiki. Chombo kikipita hakiachi mpaka, na mmoja akiitumia hampunguzii mwenziwe kitu. Katika hali hiyo bahari ni sawa na hewa. Akasema Papa hawezi kugawa kisicho chake. Akasema pia kwamba wafalme wa Mashariki, ingawa si Wakristo, ni watawala kamili katika nchi zao, wenye mali zao na sheria zao, na hakuna anayeweza kudai kwamba amewavumbua watu ambao tayari wapo na wanajulikana. Na kama hoja ni nani alitangulia kuisafiri bahari hiyo, basi Waarabu, Waajemi, Wahindi na Waafrika walikuwa wakiisafiri kabla Mreno hajajua njia.

Wasomaji wetu wasidhani kwamba fikira ya sheria baina ya mataifa ilizaliwa Uholanzi. Miaka 800 kabla ya Grotius, Muhammad bin Hassan Shaybani, mwanafunzi wa Imam Abu Hanifa na mmoja wa walimu wa Imam Shafii, alikwisha kuandika juu ya elimu ya siyar. Ndani yake mna hukumu za mapatano, amani wanayopewa wageni, wajumbe, na mgawanyo wa ngawira. Grotius alijenga juu ya Warumi na wanazuoni wa Hispania, lakini maswali yale yalikuwa yamekwisha kuulizwa Kufa na Baghdad.

Sasa tufike mahali panapouma. Wareno walipoanza kusukumwa nje ya Mashariki, Waholanzi walikalia kiti chao. Kampuni ilifunga mikataba na wafalme wa visiwa vya karafuu na basibasi ili viungo hivyo viuzwe kwake peke yake. Waingereza walipotaka kununua, walifukuzwa. Mwaka wa 1613 ujumbe wa Uholanzi ulikwenda London kuzungumza juu ya jambo hilo, na mmoja wa wajumbe alikuwa Grotius. Waingereza wakamtolea hoja za kitabu kile kile cha Bahari Huru, kwamba biashara na bahari ni za watu wote. Naye akajibu kwamba mkataba ni mkataba, na aliyeahidi kumuuzia mtu mmoja amejifunga. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Haikupita miaka mingi, naye akauonja mkuki huo. Uholanzi ilikuwa imegawanyika juu ya suala la kadari: je, Mungu amekwisha kumwandikia mja wokovu au adhabu, au mja ana hiari yake? Suala hilo si geni kwa Waislamu, kwani wanazuoni wao walilijadili tangu karne za mwanzo. Uholanzi liligeuka kuwa siasa. Grotius na mkubwa wake Johan van Oldenbarnevelt walikuwa upande wa hiari na uvumilivu. Mwana-mfalme Maurits, aliyeshika jeshi, alijiunga na upande wa pili. Mwezi wa Agosti 1618 walikamatwa. Mzee Oldenbarnevelt, aliyekuwa na umri wa zaidi ya miaka 70, alikatwa kichwa mwezi wa Mei 1619. Grotius alihukumiwa kifungo cha maisha katika ngome ya Loevestein, iliyozungukwa na maji ya mito.

Mkewe, Maria van Reigersberch, alikubali kukaa naye kifungoni. Mfungwa aliruhusiwa kuletewa vitabu na rafiki zake, navyo vilikuja na kurudi ndani ya kasha. Mwanzoni askari walilifungua kasha kila mara na kulipekua. Baadaye walichoka. Bibi Maria aliliona hilo, akanyamaza, akapanga. Tarehe 22 Machi, 1621, mkuu wa ngome akiwa safarini, Grotius alijikunja ndani ya kasha lile, lisilotosha mtu kujinyoosha. Askari walilibeba wakilalamika uzito wake, wakalitia mashuani. Kijakazi wa nyumba, Elsje van Houwening, alifuatana nalo mpaka mji wa Gorinchem, kwa utulivu kama kwamba kweli anapeleka vitabu. Huko Grotius alitoka, akavaa nguo za mwashi, akavuka mpaka hadi Antwerp, kisha Paris. Maria alibaki nyuma akisema mumewe mgonjwa, hata walipobaini kwamba ndege ameruka. Baadaye wakamwachilia.

Majira yale yale ya mwaka wa 1621, majeshi ya Kampuni, chini ya Jan Pieterszoon Coen, yaliviteka visiwa vya Banda, kwenye basibasi. Wakazi wake, wengi wao Waislamu, waliuawa kwa maelfu, wengine wakafa njaa milimani au wakachukuliwa utumwani. Kosa lao lilikuwa kuwauzia viungo wanunuzi wengine. Aliyeandika kwamba watu wa Mashariki ni wenyewe katika nchi zao alikuwa anakimbia kuokoa roho yake, na kampuni aliyoitetea ilikuwa ikiwafuta watu hao katika ardhi yao.

Huko Paris, mwaka wa 1625, Grotius alitoa kitabu chake kikubwa kuliko vyote, De Jure Belli ac Pacis, juu ya sheria ya vita na amani. Ulaya ilikuwa ndani ya vita vya miaka 30, na yeye alishikilia kwamba hata vitani pana sheria, na kwamba neno lililotolewa kwa adui ni deni. Alijaribu kurudi kwao mwaka wa 1631, akafukuzwa tena. Uswidi ikamfanya balozi wake Paris, kazi aliyoishika kwa miaka kumi hivi. Mwaka wa 1645, akitoka Stockholm, meli yake ilipigwa na dhoruba katika Bahari ya Baltiki. Mwandishi wa Bahari Huru alitupwa ufukweni, akafika Rostock akiwa hoi, akafariki tarehe 28 Agosti kwa umri wa miaka 62. Alizikwa Delft, katika nchi iliyokuwa imemfunga.

Sasa nyota zinaingiaje? Mwezi wa Oktoba 1957 Warusi walirusha Sputnik, nayo ikapita juu ya nchi za watu bila kubisha hodi. Wanasheria wakauliza: huko juu ni kama ardhi, au ni kama bahari? Jibu walilolichukua lilikuwa la Grotius. Mkataba wa Anga za Juu, uliofunguliwa kutiwa sahihi tarehe 27 Januari, 1967, unasema kwamba anga hiyo ni huru kwa mataifa yote, na hakuna taifa linaloweza kuumiliki mwezi wala sayari yoyote. Miezi mitatu baadaye, tarehe 26 Aprili, Waitaliano walirusha setilaiti yao San Marco 2 kutoka jukwaa lililosimama baharini upande wa Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Kenya yenyewe ilijiunga na mkataba huo mwaka wa 1984.

Lakini uhuru wa bahari humfaa mwenye chombo. Mwezi wa Desemba 1976 nchi zilizo chini ya mstari wa Ikweta, Kenya na Uganda zikiwamo, zilikutana Bogotá. Huko zilidai kwamba njia ya setilaiti iliyo juu ya Ikweta, kiasi cha kilomita 36,000 kutoka ardhini, ni sehemu ya mali yao. Mataifa makubwa yalikataa, yakijibu kwa hoja ya Bahari Huru. Nchi hizo hazikuwa na roketi. Zilikuwa na hofu kwamba zitakapokuwa nazo, nafasi zote zitakuwa zimekwisha kushikwa.

Na mkuki bado unageuzwa. Mwaka wa 2015 Marekani ilitunga sheria ya kuwapa raia wake haki juu ya madini watakayoyachimba angani, na mwaka wa 2019 Umoja wa Falme za Kiarabu ukatunga yake ya kutoa vibali vya kazi kama hiyo. Wanaoziunga mkono sheria hizo hutoa mfano wa mvuvi: bahari si yake, lakini samaki aliyemvua ni wake. Wanaozipinga hujibu kwamba samaki huzaana, na jiwe la mwezi halizai.

Swali lililoulizwa London mwaka wa 1613 ni hilo hilo. Kitu kikiwa cha wote, je, aliyefika wa kwanza anaweza kufunga mlango nyuma yake kwa mkataba? Grotius alilijibu mara mbili, kwa majibu mawili. Watakaokaa kulijadili kwa niaba ya Afrika wangefanya vema kuyasoma yote mawili.