Wendo Kolosoy na "Marie-Louise": wimbo wa mapenzi uliompeleka gerezani

Rumba ya Kongo ina nyimbo nyingi za mapenzi, lakini ni chache zilizomgharimu mwimbaji wake kama "Marie-Louise" ilivyomgharimu Wendo Kolosoy. Kwa sababu ya wimbo huo alitengwa na Kanisa, akaondoka Kinshasa na kufungwa Kisangani.

Antoine Wendo Kolosoy alizaliwa tarehe 25 Aprili 1925 huko Mushie, katika jimbo ambalo leo linaitwa Mai-Ndombe. Mama yake alikuwa mwimbaji. Wazazi wake wote wawili walifariki yeye akiwa bado mtoto, akalelewa na mapadri wakatoliki. Akiwa na miaka kama 11 alianza kupiga gitaa. Mapadri hawakufurahishwa na maneno ya nyimbo zake, na haukupita muda mrefu akaondoka katika nyumba ya yatima.

Alipata kazi ya ufundi wa mashine katika meli za mto Kongo. Meli zilipita bandari nyingi, na kila alipofika Wendo alikuwa na gitaa lake. Ndivyo watu wa mtoni walivyomfahamu kabla sahani zake za muziki hazijatoka. Alikuwa pia mwanandondi.

Mwaka wa 1948, mfanyabiashara Mgiriki Nicolas Jeronimidis alifungua studio ya Ngoma mjini Léopoldville, ambao ndio Kinshasa ya leo. Wendo aliingia studioni pamoja na mpiga gitaa Henri Bowane, na wawili hao wakarekodi "Marie-Louise". Ni wimbo kwa lingala, unaomhusu mwanamume anayempenda msichana wa jina hilo. Bowane hakubaki nyuma ya sauti ya mwenzake: gitaa lake liliwapa watu sababu ya kucheza. Hadi leo, wapenzi wengi wa muziki wanamhesabu Bowane kuwa baba wa sebene.

Redio iliutangaza wimbo huo, nazo sahani zikauzwa hadi Afrika ya magharibi. Hapo ndipo matatizo yalipoanza. Uvumi ulienea mjini kwamba "Marie-Louise" ukipigwa saa sita usiku, wafu wanafufuka. Kwa Kanisa katoliki, ambalo wakati ule lilisimamia shule na sehemu kubwa ya maisha ya raia, jambo hilo lilikuwa la shetani. Wendo alitengwa na Kanisa. Mtoto aliyelelewa na mapadri akawa mtu wa kuogopwa.

Alilazimika kuondoka Léopoldville, na alipofika Stanleyville, yaani Kisangani, wakoloni Wabelgiji wakamtia gerezani kwa muda mfupi. Lakini adhabu hiyo haikuua wimbo. Kila aliyesikia habari za wafu alitaka kuusikiliza, na waliokatazwa walikuwa wa kwanza kuutafuta. Uvumi uliokusudiwa kutisha watu ukawa tangazo kubwa kuliko lile la redio.

Wendo aliendelea. Katika miaka ya 1950 aliimba pamoja na Léon Bukasa na Manuel d'Oliveira katika kundi la Trio BOW, jina lililotokana na herufi za kwanza za majina yao. Baada ya uhuru, alinyamaza kwa miaka mingi chini ya utawala wa Mobutu. Wanamuziki wapya walijaa redioni, naye akabaki jina la zamani. Hata hivyo jina hilo liliingia katika lugha: kwa lingala, enzi za kale za muziki huitwa tango ya ba Wendo, yaani wakati wa akina Wendo.

Katika miaka ya 1990 alirudi jukwaani, akiwa mzee wa zaidi ya miaka 65, akarekodi tena na kuimba ng'ambo pamoja na wazee wenzake. Wimbo ambao watu walimwomba ulikuwa uleule wa mwaka wa 1948.

Papa Wendo alifariki Kinshasa tarehe 28 Julai 2008, akiwa na miaka 83. Mwezi wa Desemba 2021, UNESCO iliandikisha rumba ya Kongo katika urithi wa utamaduni wa binadamu. Muziki ambao zamani ulimfikisha kijana mmoja gerezani leo ni fahari ya taifa. "Marie-Louise" haikumfufua mfu yeyote, lakini bado inaishi baada ya mwimbaji wake kufariki na baada ya utawala uliomfunga kwisha.